Wifi Yako Alivyonasa na Kabati Lako

Skola, mama Anze wangu,

Umelala? Haya lala, lakini sikio moja liamshe, maana hii habari nikikaa nayo peke yangu tumbo litapasuka. Ingekuwa zamani ningegonga tu ukuta, ungekuja na sweta lako na kikombe mkononi. Sasa nagonga, kimya. Ndio maana nimeshika kalamu mimi, niliyeachia shule darasa la tatu. Mwandiko wangu unaujua, kuku akipita kwenye matope anaandika vizuri kuliko mimi.

Wifi yako Yustina kaja.

Si unakumbuka ulivyougua mvua zote zile, yeye yuko Kaengesa hapo tu, hata uji hakukuletea? Unaniuliza, "Wifi hajapita?" Nakwambia kapiga simu, anakusalimia. Hakupiga, Skola. Hakupiga hata mara moja. Halafu msibani kwako kalia kutushinda wote, kajigaragaza mpaka kashikwa na watu, huku jicho moja linapima kabati. Nililiona lile jicho. Nikaliweka moyoni.

Siku ya kugawa vitu vyako kasimama mbele ya wazee, "Kabati ni la nyumba ya kaka yangu, nitalifuata." La kaka yake! Kaka mtu tumemzika lile kabati bado ni mti porini! Wazee wakatazama chini, wanamuogopa mdomo. Na wewe ulishanishika mkono ukasema, "Hili la Anze. Mwanangu asije akaishi na nguo kwenye viroba kama mimi."

Na lile kabati hakuna anayelijua kama mimi na wewe. Lilikuja kwenye boksi, mbao zimelaliana kama karata, na kale kachuma kalikopinda ka kukazia skrubu. Picha zake zinasema lifunge limelala, halafu lisimamishe. Tukalilaza, kitanda huku, ukuta huku, mimi nimekaa mlangoni miguu iko korido. Kulisimamisha, likagonga dari! Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukasema, "Basi tulifunge limesimama, mmoja aingie ndani." Ukaingia wewe, maana mimi na haya makalio ningelipasua. Mimi nashikilia nje, wewe unakaza toka ndani, mbao ya mgongo ikapigwa ukiwa humo humo unaimba kama uko kwaya. Ukafungua milango ukatoka: "Nimezaliwa upya, nipeni uji!"

Kale kachuma nikakafunga kwenye pindo la kitenge. Mpaka leo.

Basi Jumamosi nasikia kirikuu, kile kigari cha mizigo, kinapiga honi nje. Yustina huyo, na vijana wawili wa kubeba. Hakusalimia vizuri, "Hujambo Mama Tobi," akapita. Anze akaniangalia. Nikamkonyeza, kaa hapa mwanangu, tumenye karanga.

Nilijua halitoki, Skola! Nyumba nzima hapa Chanji inajua halitoki. Nikanyamaza. Mimi! Na mdomo huu! Namenya karanga.

"Lilazeni!" Dari. "Ligeuzeni!" Kitanda. Akaona vijana wazembe, akaingia kusukuma mwenyewe, wao korido wanavuta. Likainama, likaingia mlangoni kimshazari, krrr, likanasa. Haliji, halirudi. Na Yustina yuko kwa ndani, na dirisha unalijua, lina nondo.

"Mama Tobi! Mama Tobi jamani!"

"Abee wifi."

"Nitoe huku!"

"Nikutoe uende wapi? Si uko nyumba ya kaka yako?"

Korido nzima ikaangua kicheko. Vijana wenyewe wakaenda kuegemea ukuta, wanacheka.

Unajua nilifanya nini? Niliwasha jiko. Nikakoroga uji wa ulezi taratibu, sina haraka, nikamimina kwenye kikombe chako kile cha bati cha maua. Nikazunguka dirishani, nikampitishia kwenye nondo. Nikamwambia, "Kunywa wifi. Hiki ndicho kikombe alichokingoja mwenzio."

Akakataa. Mimi nimesimama tu. Upepo wa kwetu huu unamwingilia, hana hata sweta. Akanywa. Akalia huku anakunywa, na safari hii hakukuwa na wa kumshika.

"Haya, kabati la nani?"

"La Anze."

"Sijasikia. Na mwenye nyumba hajasikia, na bibi wa chumba cha mwisho ndio kabisa hana masikio."

"La Anze! La Anze!"

Dereva wa kirikuu akajibu toka barabarani, "Tumesikia mama!" Akawasha gari akaenda zake, ana mahindi ya watu ya kubeba.

Ndipo nikafungua pindo. Nikalegeza moja moja kwa kale kachuma, ubao huu, ubao ule, mpaka mlango ukawa wazi. Yustina akaruka mbao akaondoka kwa mguu. Hakuaga. Kikombe nimekiosha, kipo.

Tumelirudisha kwenye kona yake, mimi na Anze. Kaingia yeye ndani, mimi nikabaki nje nimeshika ubavu. Nilipoweka mbao ya mgongo akacheka humo ndani, Skola... kicheko chako. Chako kabisa. Nikasimama na kachuma mkononi, skrubu siioni. Ananiita, "Mama mdogo, mbona hukazi?" Nikamwambia vumbi limeniingia machoni. Nguo zote zimetoka kwenye viroba. Gauni lako la bluu tumelitundika la kwanza.

Padri anasema nisamehe. Nimemwambia bado, padri, niache kwanza nifurahi. Jumapili nilipomwona Yustina kanisani nilimsalimia kwa heshima zote, "Wifi, umekunywa uji?" Na nitaendelea mpaka mmoja wetu aje huko uliko. Akitangulia yeye, wewe umuulize.

Anze siku akipata kwake, nitaenda mimi kulifungua na mimi kulifunga, hata nikiwa na mkongojo. Kachuma kako kwenye pindo, nikifa namwachia yeye mkononi. Hilo nimeapa, usiwe na wasiwasi kitandani kwako huko.

Lala sasa mama Anze. Ukuta nitaendelea kuugonga, ni mazoea tu. Usijibu, utaniua kwa woga.

Mimi mwenzio wa chumba cha pili,
Mama Tobi