Viatu vya Zaina

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Chumba kipya, Timbwani, huku pwani. Mwenye nyumba ni Bi Mwanasaumu, mjane kama mimi. Sharti lake moja: viatu vibaki mlangoni. Binti yangu Zaina kaingia na raba zake mpaka kitandani! Nikaeleza kuwa mtoto anaogopa. Bi Mwanasaumu akaguna. Naye pia anaogopa, akasema — anaogopa tope kwenye jamvi lake.

Jumatano, 5 Novemba
Zaina kalala na viatu tena. Asubuhi Bi Mwanasaumu kamwona.
"Mama Zaina, mtoto wa miaka saba yuwalala na viatu kama askari! Msalani navyo, kitandani navyo!"
Nimeomba radhi. Ametupa mpaka Ijumaa, la sivyo tuhame. Tuhamie wapi?
Nimemkumbuka marehemu mume wangu, Amisi, akimfunga mtoto kamba za viatu. Mafundo mawili, kisha anapiga kiatu kofi dogo: nenda. Sikulia. Mahamri yalikuwa kwenye mafuta.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimemwambia Bi Mwanasaumu yote. Tulivyotoka Goma alfajiri, mabomu yakianguka. Zaina miguu mitupu, analia mawe yanamchoma. Amisi akasema nyumbani si mbali, anarudi mara moja kumchukulia viatu. Tukamngoja. Aliyekuja ni jirani, na habari kwamba wameshamzika. Raba hizi mama mmoja alimpa Zaina mpakani.
Bi Mwanasaumu aliinuka. Akaleta beseni, sabuni na brashi.
"Njoo, bibi harusi. Lete mguu."
Akazisugua soli, mtoto akiwa amezivaa vivyo hivyo! Akazifuta kwa kanga.
"Haya, pita."
Hatuhami.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimempeleka Zaina chuoni, akasome Kurani. Maalim Ishaka kamruhusu aingie na viatu ndani ya mfuko, avikumbatie akisoma. Watoto hawana dogo — wakamuuliza viatu vyake vimefika juzuu ya ngapi. Akacheka! Mara ya kwanza tangu Goma.
Jioni, nikimsuka, nikamuuliza kwa nini haviachi. Siku zote nilidhani anaogopa kukimbia tena miguu mitupu. Akanijibu kwa upole, kama ananifundisha:
"Nikivisahau, utarudi kuvichukua."
Nikaendelea kusuka. Mistari imekwenda upande.

Jumatano, 12 Novemba
Leo karudi kutoka chuoni akikimbizana na wenzake — miguu mitupu! Anacheka, jasho linamtoka. Kufika mlangoni akajitazama miguu.
Nami, mjinga, nikainuka: "Ngoja nikuchukulie."
Ukelele ule! Kanikamata dera kwa mikono miwili. Nikaketi papo hapo kibarazani. Chuo chenyewe kinaonekana kutoka hapa, lile paa la bati la buluu. Nikamwambia basi, tuviache huko huko, tutapata vingine. Akatikisa kichwa. Hilo pia hataki.
Bi Mwanasaumu katoka ndani. Hakuuliza mengi. Tutakwenda sote watatu, akasema, tukisha kusali Alasiri.
"Mimi mbele, wewe kati, mamako nyuma. Nani atapotea hapo?"
"Na kurudi?"
"Na kurudi vivyo hivyo, inshallah."
Zaina hakusema ndiyo. Dera ameliachia, lakini ameshika mkono wangu wa kushoto, naandika kwa huu mwingine. Adhana hiyo imeanza. Bi Mwanasaumu keshaingia kutawadha.
Zaina anauliza mimi nitavaa viatu gani —