Sikio Refu Limenipita Mlangoni

At-Bashy, mtaa wa juu,
Oktoba 9

Mpendwa mwanangu Begaiym,

Nakusalimu kwa moyo wangu wote. Kifua chako kimepona? Baba yako aliniambia unakohoa, siku ya pili akaniambia hukohoi, nikashindwa kujua nikuombee nini. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo hujua theluji inakuja kabla redio haijatangaza. Nyasi tumeshaziingiza ghalani, ng'ombe hawajambo, na maziwa bado nayaunguza kama zamani.

Barua yako aliileta Cholpon, mkwe wa jirani yangu Burul. Soksi zimenitosha, Mungu akubariki. Umeandika ukurasa mzima kuhusu masomo yako ya uuguzi, kisha chini kabisa, kwa herufi ndogo, umeuliza: "Shangazi, hili neno uzun kulak, sikio refu, watu wanalitumiaje? Baba amelitaja kwenye simu." Nitakujibu, halafu na mimi nitakuuliza.

Sikio refu ni habari isiyo na mwenyewe. Nchi yetu ni pana na watu ni wachache, lakini mtu akipiga chafya At-Bashy, Kochkor wanamwombea afya. Ukitaka kusema jambo bila kulibeba mgongoni, unaanza hivi: nimesikia kwa sikio refu kwamba njia ya mlimani imefungwa. Nimesikia kwa sikio refu kwamba mkewe mwalimu mkuu kamfungia nje, sasa analala kwa dada yake. Likiwa kweli, wewe ndiye uliyewahi kusema. Likiwa uongo, wewe hukusema kitu, ni sikio. Mimi mwenyewe nalitumia, tena sana. Kiangazi kile ulipokuja ulikuwa unaniita kituo cha redio, nami sikukasirika.

Sasa swali langu. Wewe umezaliwa huko Urusi, Yekaterinburg, lugha yetu unaichechemea, hata maana ya jina lako hujawahi kuniuliza. Kwa nini neno hili, na kwa nini sasa? Baba yako alikuwa anaongea na nani? Alikuwa analia?

Nauliza kwa sababu hapa nyumbani sikio refu limeanza kunipita mlangoni.

Unajua tangu mwanangu Taalai aondoke hapo kwenu kwenda Tyumen kwenye ile kazi ya mabomba, simu yake haipatikani. Hilo halikunitia hofu, mtoto yule hubadilisha namba kama watu wanavyobadilisha shati. Kilichonitia hofu ni siagi. Burul, ambaye hatujasemeshana vizuri tangu ugomvi wetu wa majani ya ng'ombe, alikuja na bakuli la siagi, akaniuliza nalalaje. Begaiym, yule mwanamke hajawahi kumpa mtu hata maji ya kunawa!

Kisha nikaanza kutazama. Nikifika bombani, wanawake wanaacha mazungumzo na kusifia ndoo yangu. Shemeji zangu wamekuja kunipasulia kuni bila kuitwa. Mdogo wangu Anarkan kashuka kutoka Kochkor, eti kanikumbuka tu, na mkoba wake umejaa nguo za majuma kadhaa. Juzi wakaomba kulianika hema la sufu, lile kubwa tunalosimamisha uani kwa harusi na kwa misiba. Nikauliza, kuna harusi ya nani? Kila mtu akatazama viatu vyake.

Wewe hujakulia huku, kwa hiyo nikwambie. Kwetu habari ya kifo haipelekwi na mtu mmoja. Watu hukusanyika kwanza, ndugu wa mbali wanaitwa, anachaguliwa mzee mwenye maneno laini, na mwenye msiba ndiye anayejua wa mwisho. Nimekwenda kwenye misafara ya namna hiyo. Najua tunavyokunywa chai kwanza, tukauliza habari za mifugo, tukiwa tumekwisha kulia njiani. Siagi ya Burul haikunidanganya hata kidogo.

Nilivumilia, mwisho nikashindwa. Niliacha ndoo bombani, nikamfuata Burul hadi zizini kwake, nikasimama mlangoni asipate pa kupita.

"Burul, sema."

"Niseme nini, dada yangu? Mimi hapa nahangaika na ndama tu."

"Usiniite dada yangu, tangu lini? Nani kafa?"

Akakaa chini palepale penye samadi, na sketi yake nzuri. "Si mimi wa kusema, Sairakan. Atasema Mzee Kachkyn. Tunamngoja kaka yako tu, awasili na mwili."

Mwanangu, sikumbuki nilishika nini. Nakumbuka ndama alikuwa ananilamba mkono na nikamwacha aendelee. Kisha ile tabia yangu mbaya, mnayoicheka siku zote, ya kutoamini mtu, ikaniinua. Nikauliza, "Nani kamwona?"

"Tumesikia."

"Nimekuuliza nani kamwona!"

Hakumjua. Alisema aliyesikia ni mumewe, Sharshen. Nikamtoa Sharshen kwenye chai yake. Akasema kwamba kwenye mnada wa mifugo watu walikuwa wakisema kijana wa kwetu kaanguka kazini huko Urusi. Nani? Hawakujua jina, lakini Sharshen alijua simu ya Taalai haipatikani. Kwa hiyo akampigia baba yako kumuuliza.

"Ulimuulizaje?" nikamwambia. "Niambie maneno yenyewe."

"Kwa adabu, shemeji. Mtu haulizi jambo kama hilo kwa kulirusha. Nilimwambia, Toktosun, ndugu yangu, jikaze, dunia ndivyo ilivyo. Hali ikoje huko?"

"Naye?"

"Akaanza kulia. Nikajua ni kweli."

Umeona, Begaiym? Sharshen aliuliza kwa upole mno hata swali likawa rambirambi. Baba yako akadhani kijiji kimekwisha kujua Taalai amekufa na sasa kinampasulia yeye habari. Alipolia, Sharshen akadhani amethibitishiwa. Wakaagana kwa heshima zote, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye mwenye habari. Tangu siku hiyo sisi tunamngoja baba yako alete mwili, naye anangoja sisi tumwambie mwili uko wapi. Na kwa sababu mama mtu hapaswi kujua, hakuna aliyekuja kuniuliza mimi Taalai yuko kambi gani. Ni mimi peke yangu ninayeijua.

Nilimpigia baba yako. Nikamwambia, "Toktosun, wewe uliambiwa na nani?"

"Dada, jikaze."

"Sijikazi! Uliambiwa na nani?"

"Na Sharshen."

"Sharshen anasema kaambiwa na wewe!"

Akalia, akaanza kuniitikia, ndiyo dada, ndiyo, kwa sauti ile ya kumbembeleza mgonjwa. Anadhani uchungu umenipanda kichwani. Nilipoomba kuongea na wewe akasema umelala, na ilikuwa mchana kweupe. Ndiyo maana nakuandikia. Cholpon anarudi huko kesho. Bahasha nimeigandisha kwa gundi pande zote, maana na yeye ana macho, na nimemwambia akupe mkononi, asimpe baba yako.

Usidhani nimejidanganya. Huenda ni kweli. Kuna kijana kaanguka, na kijana huyo ana mama, na huenda mama huyo ni mimi. Naogopa sana. Lakini sitamzika mwanangu kwa maneno ya mnadani.

Kwa hiyo nakuomba, nenda Tyumen. Usipige simu, usimtume mtu, usimuulize mtu kwa adabu. Mabweni yao yako nyuma ya stesheni ya treni, upande wa maghala, na mpishi wao ni mama mmoja wa nchi yetu, wa Osh, anayeitwa Zulfiya. Taalai alisema anamwongezea nyama. Mwambie Zulfiya akupeleke penye kitanda cha Taalai. Mtazame kwa macho yako, mguse. Kama hayupo, ulizia hadi ukute mtu aliyeona. Likiwa jambo baya, nipigie wewe mwenyewe, useme moja kwa moja, bila chai na bila mzee. Likiwa jema, suyunchu yako, zawadi ya kuleta habari njema, nimekwisha kuitenga: hereni zangu za fedha, zile za bibi yako.

Nimezivua leo asubuhi nizifunge kwenye kitambaa. Hapo ndipo nilipokosea. Burul kapita uani, kaniona masikio matupu, kama mwanamke aliyeingia msibani. Nilimwita, nikamwambia si hivyo, ni za suyunchu. Hakungoja, alikwisha kuvuta kitambaa usoni na kukimbia. Sasa nawasikia wanateremka mtaa mzima, wanaume mbele, wanalia "Oo ini langu! Oo ini langu!", kilio chetu cha kumlilia ndugu aliyekufa. Wanamlilia mwanangu, na kati yao hakuna hata mmoja aliyemwona amekufa. Nimeweka komeo. Anarkan ananisihi nifungue.

Namalizia upesi. Msalimie mama yako, mwambie namkumbuka. Wasalimie wadogo zako wawili. Msalimie baba yako, simchukii. Na umsalimie Taalai. Naandika hivyo kama ninavyoandika siku zote, mwambie mama yake anamsalimu.

Mungu akufungulie njia, na akufikishe.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye, niliye nyuma ya mlango,
Sairakan