Wembe Unaoningoja Kabuchai

Kitale, Jumatatu ya Pasaka, 1949

Basi la Bungoma halikutoka. Nimekaa stendi tangu alfajiri na kifurushi changu, mpaka karani akaja kufunga ofisi. "Leo sikukuu, bwana. Dreva wote wameenda kwao. Rudi kesho."

Wao wameenda kwao!

Baba alizikwa Kabuchai Jumamosi. Habari zikanifikia jana kanisani. Leo ni siku ya tatu, siku ya wafiwa kunyolewa, na kwetu wembe huanza na kifungua mimba. Ndiye mimi.

Sasa giza limeingia. Ama Mama na wadogo zangu bado wananingoja, ama wembe umeanza na kichwa cha Wafula, anayenifuata. Sijui niombe lipi.

Najipapasa kichwa. Nywele zangu ziko zote, kana kwamba Baba yu hai.