Karatasi ya Mjapani na Mguu wa Salumu

Nachingwea, Jumanne, Agosti 1951. Upepo mkavu tangu asubuhi, maua ya mikorosho yanapukutika, na mimi, mwanamume niliyerudi kutoka vita vya Bama na nishani kifuani, naogopa kama mwizi.

Hapa kila mtu anaijua habari yangu ya ndege ya Mjapani. Ilipita chini hata nikaliona jino la dhahabu la rubani, nikaruka, nikadaka karatasi hewani. Jino nililiongeza baadaye. Karatasi ilikuwapo.

Siku zile Mjapani aliweka kipaza sauti msituni. Kila jioni kinatuita kwa Kiswahili kibovu: wake zenu wameolewa, rudini kwenu. Tunakizomea, lakini tukilala kila mtu anamwaza mkewe. Kisha ndege ikamwaga karatasi. Kikosi kizima msomi mimi, darasa la pili. Wakanizunguka.

Salumu wa Chinongwe, Myao, mtani wangu, akanichokoza: "Soma, Mmwera! Au unatafuta pa kukimbilia?"

Karatasi, kwa Kiswahili kilekile kibovu, ilisema: kesho tunapiga kilima hiki, ondokeni.

Nikasoma: "Wanaondoka."

Watu wakashangilia. Asubuhi tuko nje ya mahandaki, tunachemsha chai, mabomu yakashuka. Salumu aliacha mguu wake kule.

Miaka yote nimejidanganya kwamba herufi zilinichanganya. Hazikunichanganya. Niliogopa mtani aniite mwoga.

Adui alisema kweli siku moja tu, na siku hiyo ndiyo niliyomgeuza mwongo.

Leo Salumu kashuka kwenye lori la ufuta, kaja na mkongojo wake hadi kwangu, anacheka. Kaanza darasa la watu wazima.

"Mtani, ile karatasi niliiokota, ninayo bado. Ijumaa njoo unisomee, nami nifuate kwa kidole."

Nikamwambia Myao hasomi mpaka meno yamwishe. Akacheka sana.

Ijumaa ni mbali. Simwachi aligundue neno lile peke yake.

Kesho alfajiri naenda Chinongwe kwa miguu, yote miwili, mizima. Nitamshika kidole, nitakiweka penyewe, tusome pamoja: o-ndo-ke-ni.

Akinitukana, bado ni mtani wangu.

Akinyamaza je?

Nitakwenda.