Mdomo wa Kuku na Nafasi Tupu

Tunduma, 8 Februari 2015

Ndiyo, niliuliza vibaya. Hilo ndilo jibu la swali lako. Nimelitanguliza kwa sababu najua ukiona salamu ndefu unaruka.

Sasa salamu. Asalaam aleykum mpwa wangu Zaitun. Huku wazima, mguu uliokanyagwa na gunia umepona, nimebaki kuchechemea kidogo wakati wa kubeba mizigo tu. Wewe joto la Dar unalionaje? Simu sipigi. Hapa dukani inashika mtandao wa Zambia, nikisema haloo tu salio limeshavuka mpaka bila pasipoti. Barua hii anakuletea Barnaba, dereva wa lile lori la bluu.

Haya, ile habari ya mchele uliyotaka nikueleze vizuri. Bana Mwape, mteja wangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alifungua magunia akakuta mengine yananuka ukungu. Nikajua ni ya Osea, mkulima wa Msangano, maana stoo yake ilivuja mvua zile. Nikawaita madalali wangu, nikauliza: nani kanunua kwa Osea? Wote wakakataa, mmoja akaapa kwa mama yake. Na hawakudanganya, Zaitun. Dalali wangu Yonasi alinunua kwa Ferista, na Ferista ndiye aliyenunua kwa Osea. Swali langu lilikuwa na mkono mfupi.

Hapa mpakani unajua tulivyo. Mzigo ukipita mikono sita, wote sita wanasema "mzigo wangu". Kwa hiyo nikabadilisha, nikauliza gunia gani limepita kwa Osea hata kama ni kwa kuzunguka. Hapo Yonasi akaanza kujikuna kisogo. Tukayatoa yale, Bana Mwape akabaki kuwa mteja wangu.

Umeniuliza mara mbili sasa. Kwani ofisini kwenu mmeanza kuuza mchele?

Mjomba wako,
Aziz

Dar es Salaam, 21 Februari 2015

Shikamoo mjomba. Nimefurahi mguu umepona, ila usibebe magunia, una vijana wa kubeba. Mimi mzima, joto ndiyo hilo hilo.

Hatuuzi mchele. Tuna mfumo wa kompyuta unaotoa kadi za kliniki za watoto. Hatukuuandika wote wenyewe. Tumechukua vipande vilivyoandikwa na watu wengine, tunaviita vifurushi, na kila kifurushi kinaegemea vingine, navyo vinaegemea vingine tena. Vimefika zaidi ya mia tisa. Kimoja huko chini ni kibovu, kinakosea tarehe. Mama anaambiwa alete mtoto kuchanjwa siku ambayo kliniki imefungwa.

Kibovu tunakijua. Hatujui nani anakileta. Kwenye vile tulivyochukua kwa mkono wetu hakipo. Bosi wangu, Danieli, amesema tusipopata njia yake kufikia mwisho wa Machi, mfumo unatupwa, wananunua mwingine. Mkataba wangu umefungwa kwenye mfumo huo, mjomba. Ukitupwa, na mimi natoka.

Kwa hiyo naandika namna ya kuuliza. Unaweka majina mawili na alama katikati yake, hivi: mfumo > tarehe. Maana yake, nioneshe tarehe ambayo mfumo umeichukua mkono kwa mkono. Ukiondoa alama ukaacha nafasi tupu, mfumo tarehe, maana yake imeingia kwa mikono yoyote. Na ukiandika :siyo unatoa usivyovitaka, kama vile vya majaribio. Kompyuta inajibu kwa majina. Inaanza kufanya kazi, ila wakubwa wa ofisi wakiiangalia wanaona dudu za kompyuta tu. Ndiyo maana nilikumbuka magunia yako.

Niombee.

Mpwa wako,
Zaitun

Tunduma, 5 Machi 2015

Waaleykum salaam, marahaba mara kumi. Afya njema, biashara inasukumwa, Bana Mwape anakusalimia, anasema mulishani, yaani hujambo kwa Kibemba chao.

Kwanza nimewaambia watu wote wa stendi kwamba mpwa wangu anatengeneza kompyuta yake mwenyewe. Najua siyo hivyo. Lakini ukweli ulikuwa mrefu na basi lilikuwa linaondoka. Pili, Barnaba anakuja na simu mbili mbovu, moja ya kinyozi, moja ya sheikh. Ya sheikh anza nayo.

Alama yako nimeipenda, mimi naiita mdomo wa kuku. Nimekaa na kalamu nikajaribu. Darasa la nne siyo mchezo.

Bana Mwape > Aziz. Kweli.
Bana Mwape > Osea. Uongo.
Bana Mwape Osea. Kweli, na inanuka.

Nimesahihisha mwenyewe, nimejipa vema tatu. Kilichonishangaza ni ile nafasi tupu. Mimi nilidhani pasipoandikwa kitu hapana kitu, kumbe hapo ndipo amejificha Yonasi, na nyuma ya Yonasi kuna Ferista.

Hao wakubwa wako wakishindwa kuelewa, waambie wapande basi waje huku niwanusishe gunia. Dua nimeshaomba, na kinyozi naye anaomba, ila yeye ni kwa ajili ya simu yake.

Mjomba wako,
Aziz

Tunduma, 19 Aprili 2015

Asalaam aleykum Zaitun. Natumaini u mzima, hilo ndilo kubwa.

Machi imekwisha. Barnaba amerudi mara mbili mikono mitupu. Anasema ofisini kwenu aliambiwa hupo, na hakuna aliyemwambia uko wapi. Nimepanda hadi kilimani kutafuta mtandao wa kwetu, simu yako haipatikani.

Watu wananiuliza, nawaambia yuko mkutanoni. Sasa ni wiki ya tatu uko mkutanoni, hata rais hakai hivyo.

Sikiliza mwanangu. Kama wameutupa mfumo, njoo. Hapa dukani kuna meza upande wa dirishani, nimeshatoa magunia juu yake. Sitakuuliza kitu, na wa stendi nitajua cha kuwaambia. Mimi sikukusomesha ili nipate cha kutamba, ingawa kutamba nimetamba. Andika mstari mmoja tu.

Mjomba wako,
Aziz

Dar es Salaam, 2 Mei 2015

Shikamoo mjomba wangu, na unisamehe. Mimi mzima kabisa, barua yako nimeikuta mezani nimeisoma nimesimama.

Sikufukuzwa. Nilitumwa kliniki moja baada ya nyingine, Morogoro mpaka Iringa, kurekebisha kadi, na simu niliisahau kwenye droo ya ofisi. Nilidhani Barnaba ataelezwa.

Siku ya kuwaonesha wakubwa sikuanza na vifurushi. Niliweka ukutani mchele wako. Bana Mwape juu, chini yake wewe, Yonasi, Ferista, mpaka Osea. Nikaandika Bana Mwape na Osea kwa mdomo wa kuku, jibu likaja tupu. Nikaondoa alama nikaacha nafasi, njia nzima ikawaka. Danieli alikuwa anacheka, akaacha. Akauliza, "Na huyu Ferista, hakuna mwingine aliyenunua kwake?" Kabla sijajibu akavuta kompyuta akaandika mwenyewe. Hapo nikajua nimewapata.

Ndipo nikaingiza vifurushi vyetu. Kile kibovu kiliingia kwa njia mbili, mjomba. Moja ilitoka kwenye kifurushi cha kuchapa kadi, ikashuka mikono mitatu. Ya pili hakuna aliyeitarajia. Tumezikata zote. Tarehe zimekaa sawa, mfumo unabaki, na mimi nimepewa mkataba mwingine wa miaka miwili. Ofisi nzima sasa inauliza kwa namna yangu.

Kuna kitu kimoja. Kwenye ule mchoro wa ukutani nilijiweka na mimi, kwenye kona, naegemea kwako. Danieli akaniomba nioneshe kinyume, yaani vyote vinavyoegemea kitu kimoja kwa mikono yoyote. Nikaandika jina lako. Jina langu lilitoka la kwanza. Akauliza, "Huyu Aziz ni kifurushi gani?" Nikamwambia, "Huyo ukimtoa, mimi sipo hapa."

Simu ya sheikh imepona. Ya kinyozi haikuwa na betri ndani.

Mpwa wako,
Zaitun

Tunduma, 24 Mei 2015

Waaleykum salaam Zaitun, marahaba. Siulizi afya yako, barua imeniambia. Yangu usiulize, nimenenepa ghafla.

Barua nimeisoma dukani kwa sauti. Bana Mwape alivuka mpaka kuja kuisikia, nikamsomea mara ya pili kwa Kibemba changu cha kuokoteza. Aliposikia jina lake liko juu kabisa ukutani Dar, akasema natotela, yaani asante, akanunua magunia ambayo hakuyapanga. Yonasi amenuna, anasema na yeye alikuwa kwenye ukuta, mbona kawekwa chini. Osea ametuma salamu kutoka Msangano, anaomba umwambie Danieli kwamba stoo ameiezeka upya.

Kuhusu maneno uliyomwambia bosi wako, hayo sikuyasoma kwa sauti. Nilipofika hapo nilisema mwandiko haueleweki. Nilikwenda nyuma ya magunia nikayasoma peke yangu, nikarudi nikaisingizia pilipili.

Sasa dili. Najua unaogopa dili zangu, hii ni safi. Tangu nisome barua nimeletewa simu mbovu kumi na moja, redio moja, na mashine ya kunyolea ya yule yule kinyozi. Nataka Idd hii uje. Siyo barua, siyo salamu za Barnaba, uje wewe mwenyewe, mdomo wa kuku, bila mtu katikati. Ukae kwenye ile meza ya dirishani saa moja tu, watu wapite wakuone. Huna haja ya kushika simu ya mtu. Ukikubali, naandika mlangoni kwamba Zaitun hatengenezi simu, na redio naiacha humu humu.

Ukikataa, safari ijayo ya Barnaba gari lina nafasi ya simu zote kumi na moja na redio juu.

Mjomba wako,
Aziz, kifurushi