Maji Niliyoyameza

Jumatatu, 5 Julai 1999

Wakesho,

Nimepalilia maharagwe upande wa chini. Mvua haba. Jioni baba yako amerudi kutoka Voi na habari: kaka yake, baba yako mkubwa Mwakio, ana ugonjwa wa moyo. Valvu, kile kilango cha moyo, haifungi, damu inarudi nyuma. Ugonjwa uleule uliokuchukua.

Nimefurahi. Naandika kama ilivyo.

Jumatano, 7 Julai

Mwana wa Mwakio aliye Ujerumani amempatia hospitali huko. Watatumia roboti. Daktari anakaa pembeni akitazama televisheni, na mikono ya chuma inapita katikati ya mbavu kwa matundu madogo, inashona valvu. Kifua hakipasuliwi.

Wewe madaktari wa Nairobi walikubali kukufungua kifua. Siku ya upasuaji tulishapewa. Mwakio akasema, "Mtoto wa kike hachanwi kifua. Nani atamwoa?" Baba yako akatii, kwa kuwa yule ndiye mkubwa. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Ulikuwa ukisimama mteremkoni ukijifanya unafunga kamba ya kiatu, ili tusijue umeishiwa pumzi. Nilijua.

Ijumaa, 9 Julai

Watu wa ukoo wanataka nimtasie Mwakio. Nijaze maji kinywani, niyapulize nje, niseme hasira imetoka, aende apone. Mwakio ni mzee wa kanisa, lakini hataki kupanda ndege huku mtu wa ukoo amemwekea kinyongo. Hilo analiogopa kama babu yake alivyoliogopa.

Baba yako anasema, "Mama Wakesho, ni maji tu."

Kama ni maji tu, waniache.

Jumapili, 11 Julai

Walikuja baada ya ibada, wakajaa uani. Mwakio kitini, miguu imevimba. Nikapewa kibuyu. Nikapiga funda moja. Wote wakangoja. Nikamtazama machoni, nikayameza.

Mke wake akasema: "Si niliwaambia? Huyu anataka tuzike."

Mwakio aliinua mkono kumnyamazisha. Macho yake hayakubanduka kwenye kibuyu. Na aende na hofu hiyo. Wewe ulilala nayo umeketi, kwa sababu ukilala chali pumzi ilikatika.

Jumanne, 20 Julai

Leo ndiyo wanamfanyia. Nimeunguza ugali. Baba yako hasemi nami. Nimeomba afe. Halafu nimeomba asife kabla hajajua alichofanya.

Alhamisi, 22 Julai

Simu imepigwa dukani. Amepona. Valvu inafunga. Roboti haikuuliza nani ana hasira.

Nimelia kwenye migomba. Si kwa furaha.

Jumamosi, 28 Agosti

Mwakio amekuja huku kwetu Wusi peke yake. Amepanda mlima kwa miguu bila kupumzika. Hilo limeniuma.

Akafungua vifungo vya shati. Kovu ni fupi kuliko kidole changu. Akasema, "Shemeji, nilimuuliza yule daktari. Mtoto wetu angepona. Hata kwa kisu cha kawaida, angepona."

Nilikuwa nikilijua hilo siku zote. Nilitaka alijue yeye.

Hakuomba msamaha, nami sikumpa. Nilimtilia chai. Hakuinywa. Alikaa akitazama sakafu mpaka baba yako akamsindikiza barabarani.

Nimepata nilichotaka. Nyumba iko kimya vilevile.

Mwanangu, huko uliko, unikumbuke.