Kanda Uliyoiacha Kondoa

Baba Neema, mume wangu,

Salamu nyingi kutoka hapa kwetu Nakwa. Neema anakusalimu, bado anauza vitenge sokoni. Yosefu anakusalimu, bajaji imemkondesha lakini anakula. Mjukuu wako Petro, uliyemwachia jina, anasema shikamoo babu. Mdogo wako alipita kutusaidia kuvuna mbaazi, akaniambia nikusalimie, kana kwamba nakuona kila siku. Ng'ombe amezaa, jike. Mimi nipo. Hao wote kila mtu analala kwake, kwa hiyo nikishamaliza kukutajia majina nabaki na kuku.

Baba Neema, nina neno linaninyima raha. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja wa redio, anakusanya nyimbo za bendi za zamani. Alikuulizia wewe kwa jina. Nikamwambia tumekuzika, mwaka sasa. Akanipa pole, akasema kwao ule wimbo uliomwimbia Mwajabu umeandikwa kwenye daftari tu, sauti hawana. Je, sisi tunayo? Neema akadakia, "Mama, si ile kanda ya baba?" Nikasema panya wameila. Mtu mzima mimi, nadanganya mbele ya mgeni, tena kashika chai yangu mkononi.

Wewe ukweli unaujua. Ulikuwa umevunja vile vimeno vya juu ya kanda ili mtu asije akarekodi juu yake. Siku ulipokwenda Mbulu msibani, niliziba vile vitundu kwa karatasi ya majani ya chai, nikarekodi kwaya yetu ya Pasaka pande zote mbili. Nilikuwa nimemchoka Mwajabu. Kila jirani akija unampigia Mwajabu, unafumba macho. Nikinuna unacheka, "Mama Neema, hilo ni jina la kuimbia tu." Jina la kuimbia tu, mbona lina mgahawa Kondoa, na linajua unakunywa chai bila sukari?

Uliporudi ukaiweka kwenye redio, ikatoka kwaya. Ulisikiliza mpaka mwisho. Ukasema, "Sauti ya kwanza wameimba vizuri." Basi. Hukuniuliza tena, na mimi miaka yote ile sikukuomba msamaha. Nakuomba leo. Nisamehe, Baba Neema. Nilidhani sauti yako haina mwisho, itakuwepo tu hapo mlangoni, inanigombeza chumvi imezidi.

Sasa Petro ananiuliza, "Bibi, babu alikuwa anaimbaje?" Nikajaribu kumwimbia. Ikatoka sauti yangu. Alipoondoka niliichukua ile kanda, nikaisikiliza upande huu, nikageuza, nikatega sikio kati ya wimbo na wimbo, labda limebaki hata neno lako moja. Hakuna. Hata kukohoa kwako hakuna. Nilifuta vizuri mno, mimi na kazi zangu za uhakika.

Ila nimekumbuka kitu. Uliwahi kusema kila mwimbaji wa bendi yenu alipewa kanda mbili, na moja wewe ukaiacha Kondoa. Sikukuuliza umemwachia nani. Sikuuliza kwa sababu nilijua.

Nitakwenda, mume wangu. Nakuahidi. Jumapili tukitoka kanisani nitamwambia Neema kwamba hakukuwa na panya, na anune anavyotaka, ana haki. Kisha nitapanda basi. Nitapiga hodi kwa huyo Mwajabu, nitampa shikamoo kama amenizidi umri, nitamwomba kwa mikono miwili aniruhusu nikusikilize.

Wasiwasi wangu ni mmoja. Kondoa ya leo nani atamjua Mwajabu? Atakuwa anaitwa Mama fulani kama wanawake wote. Basi pumzika huko uliko, ila nijibu upesi, njoo hata ndotoni unitajie jina la mtoto wake wa kwanza. Usiogope. Sitanuna.

Mimi mkeo,
Mama Neema